Chupa Imepasuka

Mliniacha nimekaa juu ya kreti katika chumba cha nyuma, chupa ya bluu mapajani, ufunguo wa kufuli jipya shingoni. Bado nimekaa hapo hapo. Hamjakosa kitu isipokuwa hasira, na hiyo ninayo ya kutosha kuwagawia.

Aliyechelewa nimweleze haraka. Mimi napaka chupa rangi ya unga, nyumbani kwangu. Jirani yangu, fundi viatu, alipata kunisikia nikisema kwenye simu kwamba unga umefika na ni safi kabisa, akaacha kunisalimia mpaka nilipomwita ndani akaona chupa. Tulicheka, yakaisha.

Rangi hii haipakwi kwa brashi. Ni unga mkavu unaopulizwa kwa bunduki ya umeme, kisha kitu kinaingia kwenye oveni mpaka unga uyeyuke, ugande, uwe kama ngozi. Mafundi wanaipaka kwenye mageti na madirisha, kwa sababu chuma kinauvuta unga. Kioo hakiuvuti. Ukikipulizia, unga unakuangukia miguuni, unabaki na chupa tupu na viatu vya rangi.

Kwa hiyo niliposema nitapaka chupa, watu walinicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Kinyonga, mshirika wangu wa zamani, tuliyekuwa tukipaka naye mageti. Jina hilo alilipata kwa sababu hakurudi kwake hata siku moja akiwa na rangi ya jana. Tukagombana, tukagawana vyombo. Yeye akachukua gari, mimi nikachukua oveni.

Mbinu ya kukishika kioo tuliigundua mimi na mke wangu, tena kwa bahati tu, siku unga ulipomwagikia chupa iliyotoka kwenye oveni ukaing'ang'ania kama kupe. Unaipasha chupa moto kwanza, unaipulizia unga ingali moto, unairudisha ndani. Ndiyo hiyo. Nawapa bure kwa sababu, kama mtakavyoona, siri yenyewe ilishakufa.

Duniani tulioijua tulikuwa wawili. Basi nikapita kwa muuza maua wa njia ya sokoni, nikakuta chupa za bluu yangu zimesimama pale na maua vinywani, na si mimi niliyezipeleka.

Rangi mtu anaweza kuiga. Lakini shingoni mwa kila chupa tunazungusha tepu ili pabaki kioo kitupu, na mke wangu ana tabia ya kukunja ncha ya tepu iwe kona, apate pa kushika wakati wa kuibandua. Kikunjo kile kinaacha alama ya pembe tatu, ndogo kama kona ya bahasha. Sijaona fundi mwingine anayefanya vile. Chupa za muuza maua zote zilikuwa na kona ile.

"Anakuletea nani?" nilimuuliza.

"Mwanamke."

"Mwanamke wa namna gani?"

"Mzito, baba. Anatembea polepole, mkono kiunoni."

Mke wangu si mwembamba, na kiuno kinamsumbua. Nilitaka ushahidi gani tena? Kikulacho ki nguoni mwako, na wa kumpelekea siri yangu alikuwa mmoja tu, Kinyonga.

Nikaenda dukani, nikarudi na kufuli. Chumba cha nyuma kina mlango wa chuma, tuliutengeneza mimi na Kinyonga enzi za amani, na ndani yake iko oveni, iko bunduki, ziko rangi zangu zote, na iko hata swichi kuu ya umeme wa nyumba nzima. Ufunguo nikautia kwenye uzi, uzi nikaufunga shingoni mfupi, hauvuki masikio, ili hata nikilala mtu asiuvue. Mke wangu aliutazama akaniuliza nimeagizwa na mganga gani. 

Binti yetu wa pekee, Kipusa, yuko kwa mama yake mdogo upande wa pili wa mji, anajifunza cherehani. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mtuhumiwa na mimi.

Hapo ndipo mliponiacha. Sasa sikilizeni.

Mchana ule nilikuwa naandaa chupa za kijani, kijani kipya ambacho sikuwa nimemwonyesha mtu. Kuzikausha chupa ilikuwa kazi ya mke wangu. Alikuwa anazipindua kwenye vigingi, anaziacha juani mpaka zisikie kiu. Tangu nilipofunga kufuli nilikuwa nakausha mwenyewe, na mimi ni mtu wa kitambaa na haraka. Nikazifuta, nikazipanga kwenye oveni, nikawasha.

Ndipo nikasikia sauti yake nje, upande wa beseni la kufulia. Anaongea kwenye simu. Dirisha la chumba kile ni dogo na liko juu, lakini masikio yangu siku hizo yalikuwa hayahitaji dirisha.

"Chupa imepasuka?"

Nikaweka kitambaa chini.

"Lini? Mbona kabla ya wakati wake?" Akasikiliza. "Maji yametoka mengi?"

Nikaiona picha nzima. Fundi mjinga akiingiza kwenye oveni chupa yenye maji ndani, itapasuka tu. Kumbe wanafunzi wake hata hilo hakuwafundisha vizuri.

"Rangi gani?" akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka. "Hebu angalia tena. Yakiwa ya kijani ni hatari."

Kijani. Mnaelewa? Kijani changu hata hakijapulizwa kwenye chupa, na tayari kinajadiliwa mjini. Sikujiuliza hiyo "ya" ni ya nini. Mtu mwenye wivu hasikilizi sarufi.

"Msifanye kitu chochote mpaka nifike," mke wangu akasema. "Kinyonga yuko njiani na gari."

Nilikuwa nimesimama, nikajikuta nimekaa. Kumshuku mtu ni jambo moja. Kusikia jina la yule unayemshuku naye, kwa masikio yako, likitoka kwa sauti inayokuamsha kila asubuhi, ni jambo lingine.  Nataka mjue kwamba sikuhisi ushindi wowote, ingawa wiki nzima nilikuwa naomba nipate ushahidi.

Akaja mlangoni, mtandio begani, pochi kwapani.

"Baba Kipusa, natoka kidogo. Mdogo wangu hajisikii vizuri."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo la ghafla hivyo?"

"Wewe ulishaona tumbo la miadi?"

"Nikusindikize, basi."

"Una kazi," akasema, haraka mno. "Oveni inawaka."

"Mdogo wako ana bahati. Akiugua tumbo, watu wanakimbia."

Akanitazama kama mtu mwenye neno.  Hilo nalo nikaliandika dhidi yake kichwani.

"Mama Kipusa," nikasema, "mke akitoka nyumbani kwa uongo, akirudi asishangae kukuta mlango umefungwa. Nasema mapema tusije tukalaumiana."

Nilitarajia akasirike. Machozi yakamlengalenga.

"Nimekusikia," akasema. "Nimekusikia siku nyingi sana, Baba Kipusa."

Akaondoka.

Nilihesabu mpaka nikachoka, nikafunga kufuli, nikatoka. Pale kona gari la Kinyonga lilikuwa linamsubiri. Lile lile tulilobebea mageti, ubavuni bado lina michirizi ya rangi zetu za zamani. Mke wangu akapanda mbele, kwenye kiti changu. Ndiyo, nilikiita kiti changu, miaka yote hii tangu tugawane.

Nikasimamisha pikipiki.

"Lifuate gari lile."

Kijana akatazama gari, akanitazama mimi. "Kuna nani ndani?"

"Mke wangu."

"Na dereva?"

"Wewe endesha."

"Mzee, mimi nishawahi kubeba abiria wa namna hii," akasema huku anawasha. "Ukifika, usishuke na kitu mkononi. Shuka mikono mitupu."

Nikaangalia mkono wangu. Nilikuwa nimeshika chupa ya bluu. Nilitoka nayo nyumbani bila kujua. Sikuiacha.

Njiani yule kijana alinipa ushauri wa ndoa ambao sikumuomba, na upepo ukanipunguzia nusu ya maneno yake. Mimi nilikuwa napanga yangu. Nitaingia, nitawakuta wamezunguka oveni yao, nitaweka chupa mezani, nitasema neno moja tu. Neno lenyewe sikuwa nimelipata bado.

Gari likaingia kwenye ua wa nyumba ya kawaida, ukuta mweupe, geti la kijivu. Geti lile nililijua. Tulilipaka sisi. Nikasema hapa ndipo walipojificha, kwenye nyumba ya mteja wa zamani, hata haya hawana.

Sikupita mbele. Nilizunguka kwa nyuma, nikachungulia dirishani.

Niliona meza ya chuma inayong'aa. Niliona kitu kama oveni, kidogo, kipya, kina kipimo cha joto mbele na taa nyekundu. Na aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamke mwenye aproni, glavu, na barakoa iliyomfunika mpaka chini ya macho. Mimi mwenyewe hufunga kitambaa puani. Loo, wenzangu wameendelea, hata barakoa wanavaa.

Nikasukuma mlango.

"Iko wapi chupa?" nikasema.

Mwanamke akashusha barakoa. Alikuwa mtu mzima, ana uso wa mtu asiyebabaishwa na kelele.

"Chupa imepasuka tangu asubuhi, mzee. Mbona mmechelewa hivi? Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye mwenyewe."

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa mbinu."

"Wa mimba?" Akanitazama mvi, akatazama chupa ya bluu mkononi mwangu. "Wewe?"

"Mbinu," nikasema. "Mbinu."

"Mzee, hapa ni nyumba ya kuzalishia. Kama una mgonjwa sema, kama umepotea geti liko kule."

Nilikuwa bado nalitafuta lile neno moja la kusema, na mwanamke yule alikuwa bado ameninyooshea geti, mtu alipolia chumba cha ndani. Hakulia kwa nguvu. Aliita mama, akakata, akavuta pumzi kwa meno.

Sauti ile ilijua kuniita baba kabla haijajua kuomba maji. Ningeijua hata chini ya mto.

 Kulikuwa na benchi ukutani, nikaliegemea, na yote niliyoyasikia dirishani yakaanza kurudi moja moja na maana yake. Chupa imepasuka, kabla ya wakati. Maji. Rangi gani. Na muuza maua, maskini, aliyeniambia wazi kabisa kwamba mwanamke yule ni mzito. Ningemwambia nini? Alisema mja mzito kwa heshima, mimi nikasikia kilo.

Mke wangu akatoka. Aliponiona hakushtuka. Alikuwa amechoka mno kushtuka.

"Umenifuata," akasema.

"Ni Kipusa?"

"Ni Kipusa."

"Tangu lini?"

"Miezi mingapi huchukua, Baba Kipusa?"

"Nauliza tangu lini unanificha."

Akakaa kwenye benchi, akaweka pochi magotini. "Binti wa fundi viatu alipopata mimba, wewe ulisema nini? Tulikuwa mezani. Ulikuwa na tonge mkononi."

Nilikumbuka. Ningependa kuwaambia kwamba sikukumbuka.

"Ulisema wako akikuletea mimba nyumbani, akalale kwa aliyempa, na mamaye amfuate. Kipusa alikuwa amekaa mbele yako. Alikuwa anajijua tayari. Akaacha kula. Ukamuuliza kama mboga haina chumvi."

"Yalikuwa maneno tu."

"Yako huwa si maneno tu. Angalia shingo yako."

Nikaushika ule ufunguo. Ulikuwa wa moto kwa jasho langu.

"Mimi nilidhani," nikaanza, nikashindwa.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani unampa Kinyonga mbinu yetu."

Mke wangu akacheka, lakini si kicheko cha kuchekea. "Mbinu nilimpa mwanangu. Alitaka aandae vitu vyake mwenyewe, asije akaambiwa ni mzigo. Mdogo wangu ana oveni mbovu ya mkate, wakaitengeneza. Kinyonga akamkopesha bunduki yake ya zamani. Kila chupa uliyoiona kwa muuza maua, kaipaka yeye amekaa kwenye kiti, miguu imevimba."

"Na kona ya tepu?"

"Kwani aliyemfundisha ni nani?"

Kwa nini sikuwaza hilo? Mtoto wa nyoka ni nyoka, nilikuwa nalisema kila siku kwa watoto wa wenzangu. Nilijua mkono wa mke wangu kiasi cha kumfunga nao, lakini sikujua kwamba mkono ule ulikuwa umeshapata mrithi.

"Kinyonga anaingiaje hapa?" nikauliza. Ndiyo, bado niliuliza. Shuku ni kama kikohozi, dawa ukishameza bado unakohoa.

"Kijana wake ndiye baba wa mtoto. Yuko kazini mbali, ameshapigiwa, anakuja. Kinyonga alitaka kuja kwako na watu wazima tangu mwanzo, azungumze kiungwana. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema tungoje upoe."

"Nikapoa?"

"Ukanunua kufuli."

Mlango wa mbele ukafunguliwa, Kinyonga akaingia. Amezeeka. Sikuwa nimemtazama usoni tangu tugawane vyombo. Leo alikuwa na rangi ya zambarau kwenye nyusi na kwenye kola. Alikuwa amebeba boksi la karatasi, kalipakata kwa mikono miwili kama chupa isiyopoa.

"Shemeji, vitu vya mtoto hivi hapa," akamwambia mke wangu. Kisha akaniona, akasimama.

Hakuna aliyesalimia. Wazee wazima wawili, tumesimama katikati ya nyumba ya kuzalishia, mimi na chupa, yeye na boksi.

Boksi lilifungwa kwa tepu yetu, ile ya kuzuia rangi. Ncha yake ilikunjwa kona, pembe tatu, ndogo kama ya bahasha. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nikasema, "Weka chini, utaangusha."

Akaweka chini. "Mwenzangu," akasema, "kunitukana utanitukana baadaye. Nitakuja mwenyewe unitukanie kwako. Leo tumwangalie mtoto."

Nilikaa kwenye benchi, nikamwachia nafasi. Akakaa. Tulikaa hivyo, mke wangu katikati, na nakiri kwamba nilianza kupumua. Nikajiambia labda msiba wangu umefika mwisho, labda wiki hii nitawapa wasomaji wangu habari njema kwa mara ya kwanza. Nikaiweka chupa ya bluu juu ya boksi la nguo.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Mkunga akatoka, barakoa kidevuni. Safari hii hakuwa na utani.

"Mtoto amekaa vibaya," akasema. "Na yale maji yamebadilika rangi. Hapa hatuwezi. Inabidi aende hospitali kubwa sasa hivi, gari la wagonjwa liko getini. Tatizo ni yeye. Amekataa kuinuka."

"Amekataa?" mke wangu akasema. "Kwa nini?"

"Amesikia sauti ya baba yake. Anasema haendi popote mpaka aambiwe na baba mwenyewe kwamba akirudi, yeye na mtoto, wana pa kurudi." Akanigeukia. "Mzee, mimi sijui mambo yenu. Ninachojua ni kwamba mtoto hasubiri. Ingia useme neno, tuondoke."

Nikainuka. Hilo neno nilikuwa nalo tayari, na halikuwa gumu hata kidogo. Nilishangaa lilivyokuwa jepesi.

Ndipo simu ikaita mfukoni. Fundi viatu. Nikaipokea ili niikate vizuri.

"Jirani," akasema, anahema. "Chupa zinapasuka."

"Najua, jirani," nikasema. "Imepasuka tangu asubuhi. Niko huku huku. Tuombee."

"Uko huku wapi? Nasema zinapasuka. Moja baada ya nyingine, zinalia kama fataki. Na moshi unatoka dirishani kwako, mweusi."

Oveni.

Kijani. Maji yangu ya kitambaa na haraka. Nilitoka kumfuata mke wangu nikaiacha inawaka, mlango wa chuma nikaupiga kufuli kwa nje.

"Zima umeme," nikasema.

"Swichi si iko humo humo ndani? Tumeupiga ule mlango mateke mpaka mguu wangu umevimba. Mmeujenga kama wa benki. Jirani, ukuta wangu umeanza kupata moto, na watoto nimeshawatoa nje. Lete ufunguo. Vinginevyo nyumba zinaungua zote mbili, yako na yangu."

Mke wangu alisikia kila neno. Fundi viatu hana sauti ndogo. Akaweka mkono mdomoni. Mle ndani ndimo ilimo riziki yetu yote, lakini najua hakuwaza riziki. Nilikuwa naenda kumwambia binti yake kwamba ana nyumba ya kurudi.

Nikaanza kuelekea nje. Mkunga akasema, "Mzee." Nikageuka kuelekea ndani. Simu ikasema, "Jirani." Nilisimama katikati ya ile korido kama geti lililokosa bawaba.

Kinyonga akainuka.

"Gari langu liko nje, na njia naijua," akasema. "Wewe ingia kwa mtoto. Nipe ufunguo."

Mkono wake ulikuwa umenyooka, kiganja juu. Zambarau hadi kwenye mistari ya kiganja.

"Haraka," akasema. "Lile kufuli la shaba halivunjiki."

Nikamtazama. Kufuli nililinunua wiki hii hii. Mke wangu hajui shaba na bati, kwake kufuli ni kufuli. Mlango ule hauonekani kutoka barabarani. Mtu hawezi kujua ni la shaba mpaka awe amesimama mbele yake, uani kwangu, akalitazama.

"Umelionea wapi?" nikauliza.

Kinyonga akafumba macho, akayafumbua. "Bwana, hilo swali lina jibu, na jibu lake si fupi. Unalitaka sasa?"

"Baba?" Kipusa akaita kutoka ndani. Mara moja tu. Kisha uchungu ukamchukua.

Nikashika uzi. Nikauvuta juu, ukakwama kwenye masikio kama nilivyoutaka mwenyewe. Nikashika fundo. Lile fundo nilikuwa nimelifunga ili lisifunguliwe na mtu.

Kinyonga akatia mkono mfukoni, akatoa kile kisu chembamba cha kukatia tepu ambacho sisi mafundi wa rangi hatutembei bila kuwa nacho. Akakifungua kwa kidole gumba, akanisogelea mpaka nikausikia unga kwenye nguo zake.

"Inamisha shingo, mwenzangu," akasema.